Insulini Yangu Ilikaa Garini

Wenzangu wenye sukari, alhamdulillahi, leo zamu yangu ya kusimulia. Mimi nilikuwa fundi wa mafriji mtaa wa Hamriya, hapa Maskati. Duka chini, chumba changu juu, jengo kuukuu. Mke wangu alikwishafariki na watoto hatukujaaliwa. Jengo likavunjwa, kazi ikaenda nalo, nikahamia garini.

Msinicheke. Dada yangu ana nyumba kubwa Madinat Sultan Qaboos, lakini ni nyumba ya shemeji. Kwa shemeji unakwenda kula Ijumaa, unashukuru, unaondoka. Nilikuwa navaa kanzu iliyopigwa pasi kwa dobi, najipaka mafuta ya udi, namwambia dada nimepanga Darsait. Kumbe Darsait ndiko nilikoliegesha gari tu.

Insulini niliiweka kwenye chupa ya chai yenye barafu. Joto la Maskati mnalijua. Ikifika adhuhuri barafu yote imekuwa maji ya moto. Fundi wa mafriji mzima, dawa yangu inapikika! Nilijichoma sindano kila siku na sukari haishuki. Kiu haikatiki, mkojo haukwishi, macho yana ukungu. Kidonda kidogo kwenye kidole cha mguu kikawa cheusi, kikanuka mpaka nikaona haya kuvua viatu msikitini. Kidole kikakatwa.

Daktari akaongeza dozi, haikusaidia. Akaniambia kidonda kinapanda, na kikiendelea hivyo ataukata mguu chini ya goti. Akatoka. Muuguzi, mama wa makamo aliyekulia Unguja, akabaki kunifunga bendeji.

"Kaka, dawa unaiweka wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani ndiyo wapi?"

Nikageuza uso ukutani. Kisha nikasema, "Sina nyumba, dada. Nnalala garini." Nikalia mbele ya mwanamke nisiyemjua.

Yeye ndiye aliyenielekeza kwenye kiwanja cha mfanyabiashara mmoja, alikoweka vijumba vya chumba kimoja kimoja kwa waliokosa pa kukaa, wajisitiri mpaka wasimame tena. Changu kilikuwa na kitanda, choo, kiyoyozi na friji ndogo. Friji ilikuwa mbovu. Niliitengeneza kabla sijakaa kitako. Jirani yangu, dereva wa Tanga aliyeachishwa kazi, alinipikia uji na kunigombeza kila nikisahau kuinua mguu.

Nikapewa insulini mpya, nikaitia baridini. Sukari ikashuka. Usaha ukakauka, nyama nyekundu ikajaa, ngozi ikaziba polepole. Daktari akaukagua mguu, akasema hakuna tena cha kukata.

Dada alipopata habari alikuja, akasimama mlangoni mwa kile kijumba.

"Umeona bora ukatwe mguu kuliko kunambia mimi?"

Nikamkaribisha akae kitandani. Swali lake linaniuma mpaka leo.

Sasa nimepanga chumba na kazi nimerudia. Namshukuru Mungu, yule muuguzi, mwenye kiwanja, na dereva wangu kwa uji wake usio na sukari. Mambo ya dozi na viatu mnaambiwa kila siku hapa. Mimi nakuombeni moja tu: ukiulizwa dawa yako inakaa wapi, sema na wewe unalala wapi.