Nyakuon na Maharagwe Yaliyoungua

Nyakuon alilelewa Nakuru, na aliporudi Juba alikuja na sufuria tatu na jeuri ya mpishi. Akafungua kibanda cha chakula mtaa wa Munuki, karibu na steji ya bodaboda, na kwa miaka minane hakuna mteja aliyethubutu kumfundisha kupika. Alipika kwa pua. Akifunua sufuria na kuvuta harufu mara moja, alijua kilichopungua.

Wiki ile mafua yalimziba pua. Hakujali. Alibandika maharagwe ya karanga, akageuka kusonga asida, ugali wa Juba, na maharagwe yakaungua hadi jirani wa pili akakohoa. Nyakuon akaonja. Chumvi ipo. Pilipili ipo. Akapakua.

Lagu, fundi wa kuchomelea vyuma aliyekulia Uganda, alitia tonge moja mdomoni akalishikilia humo, macho yakitafuta pa kutemea.

"Mama Nyakim," akamwambia Nyakuon hatimaye, akimwita kwa jina la bintiye, "hii maharage iko naungua."

"Yameungua wapi? Nimeonja mwenyewe!"

"Mimi nachoma chuma kila siku. Moshi mimi iko najua."

Wateja wengine wakasukuma sahani. Ndipo akafika Ruach, mumewe, dereva wa bodaboda. Akala sahani nzima, akaomba ya pili.

"Leo umepika, mama. Kabisa!"

"Mmeona?" Nyakuon akashika kiuno. "Mwenye ulimi ndiye huyo!"

Lilly, muuguzi aliyekula pale kila mchana, alimtazama Ruach kwa makini. Akanunua soda mbili, ya chungwa na ya nanasi, akamfumbisha macho na kumwonjesha.

"Hii ni nini, shemeji?"

"Sukari."

"Na hii?"

Ruach akafikiri sana. "Sukari pia."

"Wacha mchezo, leta hapa," Nyakuon akasema, naye akafumba macho. Akanywa, akanywa tena. Uso ukamshuka. Yote sukari.

"Ulimi unajua mambo machache tu," Lilly akaeleza. "Chumvi, utamu, uchachu, uchungu. Kujua hili ni chungwa au nanasi ni kazi ya pua, harufu ikipandia nyuma ya koo. Wewe una mafua. Lakini shemeji hana."

Wote wakamgeukia Ruach. Akakuna kichwa.

"Sinusi kitu tangu ile ajali ya bodaboda kule Gudele, nilipogonga kichwa."

"Ile ilikuwa kabla hujanioa!"

"Ndiyo."

"Na ulimwambia baba unanioa kwa mapishi yangu!"

"Pilipili inaniwasha, naisikia. Karanga zinavunjika kwenye meno. Na wewe ulikuwa ukikaa karibu nami nikila. Mimi niliona ni tamu."

Lagu alicheka hadi akasahau njaa.

Nyakuon alimnunia mumewe siku mbili, huku chakula chake mwenyewe kikimpita kooni kama karatasi. Siku ya tatu pua ikafunguka. Akanusa kitunguu kikikaangwa, machozi yakamlenga, na hayakuwa ya kitunguu. Miaka yote hii, mtu wake amekaa hivi!

Jioni akampikia mumewe vya kusikika bila pua: samaki mkavu aliyekaangwa hadi analia chini ya meno, ukwaju, ndimu tele, na bamia pembeni.

"Sema ukweli," akamwamuru.

Ruach akatafuna taratibu. "Samaki huyu, kalas, basi, sina neno. Lakini hiyo bamia, samahani mama, ni kama kumeza kamasi."

Hakuna aliyewahi kutukana bamia yake namna ile. Nyakuon alicheka hadi akashikilia meza, akalivuta bakuli la bamia upande wake, akaila yote.