Sufuria ya Esperansia na Mchanga Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni upesi mmalize, maana mimi mpaka leo sijaweza kucheka, na nikisikia mtu anatafuna kitu kigumu nainamisha kichwa.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, hapa kwetu Kasulo, vyombo vinaibwa hata vikiwa mafigani vinachemka. Esperansia, mama wa Burundi aliyekuwa akija kunisaidia kulima, aliniletea sufuria yake nimtunzie. Ya chuma, nzito kama jiwe la kusagia, nje bluu, ndani nyeupe inateleza kama kikombe cha bati. Ilikuwa ya marehemu mama yake, ndiyo pekee aliyovuka nayo mpaka (mtoto mgongoni, sufuria kichwani, basi).

Sasa zamu ya jumuiya yetu ya kanisa kusali kwangu ikafika, nikamwalika na yeye, nikasema nitapikia sufuria yake aone nilivyoitunza. Naitoa uvunguni, kutu imeshika ukingoni na doa moja ndani! Kwetu mwanamke anajulikana kwa sufuria zake, tunazisugua mchanga na majivu mpaka ujione humo, basi nami nikachota mchanga nikakaza mkono, doa halitoki, nikachukua kisu nikakwangua, kitu kikaanza kubanduka, nikafurahi nikidhani ni kutu (kumbe ni ule weupe uliopakwa ndani), nikasuuza, nikatia maharage, na kila nilipokoroga mwiko ukabandua weupe mwingine.

Mwenyekiti wa jumuiya, Mzee Sospeta, alipotafuna mara ya kwanza tukasikia kwaa! Akatema kiganjani: damu, jino, na kigae cheupe.

"Mama, haya ni mawe?"

Wifi yangu, mdomo wake mnaujua, akadakia: "Mawe gani! Wifi leo katupikia maharage pamoja na sahani."

Watu wakacheka, kisha wakasukuma sahani mbali, maharage yote yakamwagwa, na njaa ya miaka ile ilivyokuwa. Esperansia hakucheka. Alikichukua kile kigae, akaenda jikoni, akarudi ameikumbatia sufuria kwa kitenge, bado ya moto.

"Mama, umeisugua na nini?"

"Mchanga, mwanangu. Ilikuwa na kutu."

"Kutu ile naijua. Tunaipaka mawese kwa kitambaa, basi. Hata mama alifanya hivyo."

Hakunipigia kelele. Bora angepiga. Akaondoka nayo, shambani kwangu hakukanyaga tena, na siku wenzake waliporudi kwao nilisimama barabarani nikitafuta sufuria ya bluu kwenye vichwa vya watu, mpaka vumbi likatulia. Sikuiona.

Kwa hiyo nyumbani kwangu nimeamuru, na wakamwana wangu wanajua sitanii: chombo cha mtu hakisuguliwi mchanga. Kipakeni mafuta, kifunikeni, na mwenyewe akija, mpeni na kutu yake.