Namba Kumi na Mdomo wa Baba Yake

Binti yangu anacheza raga ya wasichana pale chuoni kwake, Braamfontein, na jezi yake ni namba kumi. Kwa asiyejua, na mimi nilikuwa asiyejua mpaka juzijuzi, namba kumi ndiye anayepokea mpira wenzake wanapoutoa kwenye lile rundo la watu waliosukumana vichwa. Akishaupokea ana nafasi ya kuvuta pumzi moja tu, kisha aamue: ampasie mwenzake, aupige kwa mguu uende mbali, au aukumbatie akimbie nao mwenyewe. Akikimbia nao, wasichana wenye mapaja kama vinu wanamfuata kumwangusha, na sheria inawaruhusu.

Jambo hilo la kukimbia lilitugawa nyumbani. Mama yake msimamo wake ulikuwa mmoja, kwamba mpira upigwe uende zake, wenye kuutaka waufuate huko. "Mguu kapewa wa nini?" alikuwa akisema. Uwanjani hajafika hata siku moja, wala hana nia, lakini kila Jumamosi nikirudi swali lake la mlangoni ni hilohilo: "Kakimbia?" Nikisema ndiyo, anaingia jikoni na masufuria yanajua.

Mimi nilikuwa upande wa kukimbia. Kocha, mama mmoja mwembamba wa hapahapa mwenye filimbi shingoni, alikuwa upande wa mke wangu ingawa hawajawahi kuonana. Kwa kocha namba kumi ni kichwa cha timu, na kichwa hakipelekwi kwenye ngumi. Nilimsikia akimwambia binti yangu hivyo zaidi ya mara moja. Nilinung'unika peke yangu, kwa sababu nina hasira za karibu na Kiingereza cha mbali.

Lakini niseme ukweli wa kwa nini nilitaka akimbie, maana haukuwa wa kimchezo. Sisi ni watu wa Tanga, na mtoto huyu kazaliwa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia chote, hata ukimsengenya kwa mafumbo anajua, ila tangu alipoanza shule anajibu kwa Kiingereza. Nikimuuliza kwa Kiswahili kama kala, ananijibu kwa Kiingereza kwamba kala. Tumeishi hivyo miaka. Watoto wote wa wenzetu ni hivyo, tunacheka tukikutana msikitini Mayfair, tunasema ndiyo dunia. Mimi nilikuwa nacheka huku inaniuma.

Basi, mara ya kwanza kwenda kumtazama nilikwenda kwa sababu ya kitambaa. Mimi ni fundi cherehani, nina duka dogo barabarani Kensington, zipu na sare za shule ndiyo riziki yangu. Nilikuwa nimemshonea kofia ya kitambaa kinachovutika, ya kufunika nywele mpaka shingoni, na nilitaka kuona kama itahimili kuvutwa. Nikasimama kando ya mstari, baridi ya Juni imenikausha midomo, majani ya uwanja yote ya njano. Mpira ukamfikia. Mbele yake nikaona uwazi mkubwa, kila mtu kaenda kulia. Sijui koo lilifungukaje. "Kimbia, mwanangu! Kushoto! Kushoto kweupe!"

Akakimbia. Alipita katikati yao, akaenda kuulaza mpira nyuma ya mstari wao, na hizo ndizo pointi zenyewe, akainuka na majani kwenye meno. Kisha akaja mbio mpaka niliposimama, kofia iko palepale haijasogea, akaniambia, "Baba, umeona?"

Kwa Kiswahili. Maneno mawili na mimi mwenyewe nikiwa mojawapo. Nilirudi nyumbani siku ile nikakosea kushona suruali ya mtu, mguu mmoja nje ndani.

Kuanzia hapo sikukosa Jumamosi. Nafunga duka saa sita, napanda basi, na nikifika nakuwa redio. Wazazi wengine walikuwa wananitazama, nami nilijiona mjanja kupita kiasi, kwa sababu pale uwanjani watu wote thelathini wanacheza na ni mmoja tu anayenielewa. Nilikuwa na binti yangu chumba chetu cha siri hadharani. Nikimwambia kushoto anakwenda kushoto, au ndivyo nilivyoamini, na kila akifanikiwa ananitupia neno moja. Umeona. Nimechoka. Maji. Nilikuwa nayahesabu maneno yale njia nzima ya kurudi.

Halafu wakaja wale wa chuo kingine. Walikuwa na namba saba mmoja, msichana mweusi tititi, mabega mapana, mkimya. Kipindi cha pili mpira ukamfikia binti yangu na mimi nikaona tena uwazi. "Kushoto! Kimbia kushoto!" Sauti ilipotoka tu, yule namba saba aligeuza kichwa akanitazama mimi. Mimi, si mpira. Kisha akakata kwenda kushoto kabla binti yangu hajapiga hatua ya pili, wakakutana.

Nilisikia mlio. Binti yangu hakuinuka. Walipomtoa alikuwa ameushika mkono wake kwa mkono mwingine, uso umekuwa wa majivu, na kocha alikuwa akimwambia, si kwa ukali bali kwa uchungu, kwamba alimkataza kukimbia, kwamba alimkataza mara ngapi. Mfupa wa bega ulikuwa umepasuka. Nafasi yake angepewa msichana mwingine anayepiga tu na hakimbii, na akipona itaonekana kama atarudishiwa.

Nilikuwa nimesimama palepale na begi lake mkononi, na nilijua. Kile kichwa kilivyogeuka kunitazama, nilijua kwamba yule mtoto anasikia Kiswahili. Johannesburg hii imejaa Warundi, Wakongo, Wakenya, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yake nikidhani lugha ni yangu na mwanangu tu! Wahenga walisema mdomo huponza kichwa. Wangu uliponza bega, tena la mtu mwingine.

Sikusema. Si kwa kocha, si nyumbani. Mama yake alipouliza, "Kakimbia?" nilijibu, "Kakimbia," nikaacha kosa limkalie mtoto. Kwa wiki tatu nilimkatia nyama na kumfunga kamba za viatu, na kila alipotaja nafasi yake, jinsi yule mwingine anavyocheza vizuri, jinsi kocha anavyompenda, nilijifanya natafuta sindano. Niliogopa mambo mawili, na la pili ndilo lililokuwa kubwa: apoteze jezi yake kwa sababu yangu, kisha ajue, asinitupie tena neno lolote.

Jumapili moja mlango ukagongwa. Alisimama mama mmoja wa makamo, kajifunga kitenge kizito cha kwendea kanisani, kabeba bakuli limefungwa kwa taulo, na nyuma yake yule namba saba, kainamisha kichwa. Kumbe wasichana walipeana namba za simu siku ileile, na walikuwa wakiandikiana. Ni Warundi, wanakaa upande wa pili wa mji. Walikuja kutoa pole, kama inavyopasa.

"Nilipika ndizi na maharage," alimwambia mke wangu kabla hata ya kukaa. "Nyama sikuweka, ili mule bila wasiwasi." Mke wangu alilipokea bakuli kwa mikono miwili, na nikaona keshampenda.

Tukakaa, chai ikaja, tukajuliana hali na za makwetu. Kisha yule mama akaweka kikombe chini, akanigeukia. "Baba, niko naomba musamaha kwa ajili ya mutoto. Alisikia weye unasema kushoto, basi naye akaenda kushoto. Alilia mpaka nyumbani. Anasema, eish, Mama, yule muzee alisema na luga yetu, mimi nikaitumia kuvunja mutoto wake."

Mke wangu alinigeukia polepole. "Nani alisema kushoto?"

Hakuna aliyenisaidia. Nikasema, "Mimi." Nilisema tena, na safari hii nikimtazama binti yangu, kwamba ni mimi, kwamba nilijua tangu siku ile, na kwamba nilimwacha abebe lawama peke yake. Sikuona haya kulia mbele ya wageni, nilikuwa nimeona haya za kutosha wiki tatu.

Binti yangu alikuwa kwenye kochi, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni, blanketi magotini. Alijibu kwa Kiingereza chake, taratibu, kama anayeniepusha na aibu. Alisema alijua tangu akiwa chini pale kwenye majani, maana alimwona mwenzake akigeuka. Mama yake akamuuliza mbona hakumwambia kocha. Akainua bega lile zima. Alisema kocha angemkataza Baba asije.

Mke wangu alininyooshea kidole. "Wewe si fundi? Ushone huo mdomo."

Yule mama wa Kirundi alicheka kwanza, akaziba kinywa, akashindwa, na hapo sote tukacheka, hata namba saba. Ndizi zikaliwa zikaisha.

Jumatatu nilikwenda kwa kocha. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu ya Kiingereza toka alfajiri, nayo yalinitoka yamevurugika, lakini aliyaelewa. Alinisikiliza huku kajishika kiuno. Mwisho akasema bega likipona msichana atapata nafasi ya kuigombea jezi kama wengine. Na mimi, akasema, naruhusiwa kupiga kelele kwa lugha yoyote ninayotaka, ila nisimwambie tena mchezaji wake aende wapi. Nilimwahidi. Moyoni niliahidi zaidi ya alivyoomba, kwamba sitatoa hata kikohozi.

Alipona, akaigombea, akaipata. Wiki ya kwanza aliyorudi, ratiba ikawaleta walewale.

Nilivaa koti zito, nikatia mswaki wa mti mdomoni ili meno yawe na kazi. Mama wa namba saba alikuja kusimama karibu nami na chupa ya chai, tukasalimiana kama ndugu. Mchezo ukaanza. Kipindi kizima cha kwanza binti yangu alipiga. Kila mpira uliomfikia, mguu. Kocha alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nilikuwa natafuna mti. Mara mbili niliona uwazi mbele yake, mweupe kama shuka, na mara mbili niliona anageuka kidogo upande wangu kabla ya kupiga. Nilidhani ananiogopa. Nikasogea nyuma ya mtu mrefu.

Mapumziko, badala ya kwenda kwenye duara la wenzake, alinijia akiwa na chupa ya maji, ananitafuta kati ya watu. "Baba," akasema, "koo linauma?"

"Hapana. Nimeahidi nitanyamaza."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu kwenye droo. Aliyasema moja moja, kwa Kiswahili, akisimama kuyatafuta, lakini aliyasema yote. "Mimi sikimbii kwa sababu wewe unasema kimbia. Naona mwenyewe. Lakini nikisikia wewe, najua uko wapi." Akafuta mdomo kwa mkono wa jezi. "Leo sijui uko wapi."

Akarudi uwanjani. Mama wa namba saba alikuwa amesikia kila neno, na alijifanya anafunga chupa ya chai ambayo ilikuwa imefungwa.

Wakati wote ule nilikuwa nikidhani ninamwonyesha njia! Mtoto alikuwa na macho yake.

Mpira ukatoka kwenye rundo, ukamjia. Nikautema mti. Kimbia nisingeweza kusema, na piga haikuwa haki yangu, kwa hiyo nikasema lililobaki. "Niko hapa!" Niliita kwa nguvu zangu zote. "Niko hapa, mwanangu!" Pembeni yangu yule mama aliweka chupa chini, akaita naye kwa yule wake, "Na mimi niko hapa!" Namba saba aligeuza kichwa, akacheka katikati ya mbio, na haikumsaidia kitu, maana hatukuwa tumesema lolote kuhusu kushoto wala kulia.

Tuliita hivyo mpaka filimbi ya mwisho, watu wazima wawili. Wao walishinda, sisi tulishindwa, kwa tofauti ndogo. Namba kumi wetu alipiga mara nyingi, alipasi, na mengine aliyaamua anavyojua. Wasichana wakakumbatiana, tukanywa chai iliyobaki, nikapanda basi na binti yangu, akalala begani mwangu toka Braamfontein mpaka karibu na kwetu.

Mama yake alikuwa mlangoni, taulo la jikoni begani. "Kakimbia?"

Nilifungua mdomo nimjibu. Haikutoka sauti, ilikuwa imekwisha yote uwanjani. Binti yangu alipita katikati yetu akivua kofia, akamjibu yeye.

"Mara mbili, Mama," akasema. "Lakini Baba alikuwepo."