Kupiga Magoti Juu ya Jiwe

Mgongo wa mawe ulio nyuma ya nyumba ya wakwe zangu, nje kidogo ya Mwamapalala, niliutamani tangu nilipoletwa pale nikiwa bibi harusi. Kila asubuhi niliuona kutoka jikoni nikikoroga uji. Wanaume wote wa pale wameupanda enzi zao za kuchunga, kwa njia ileile ya zamani: kwanza ufa wa chini, halafu kibaraza cha katikati, kisha bega la jiwe hadi kileleni. Wanawake hatukukatazwa, ila hakuna aliyewahi kuomba.

Mume wangu ni fundi wa minara ya simu. Kamba na mikanda ya usalama ndiyo kazi yake, basi likizo ya mwaka jana nikamng'ang'ania mpaka akakubali. Urefu sikuuogopa. Nilimwogopa baba mkwe. Akinikuta kule akasema tu "Shuka," ningeshuka, na nisingepanda tena maishani. Kwa hiyo tulisubiri atoke na ng'ombe.

Nilivaa suruali ya kazi ya mume wangu, na juu yake nikafunga kanga kwa ajili ya heshima. Yeye alinivisha mkanda wenye kamba, akatangulia, akajifunga kwenye jiwe, kisha akaniita, akawa anavuta kamba kadiri ninavyopanda. Ule ufa niliupanda nacheka. Sijui nilicheka nini! Goti limechubuka, na raha imenipanda kichwani kama pombe. Kwenye kibaraza nikajibanza, yeye akaendelea na bega la jiwe mpaka akapotea machoni.

Ndipo nikasikia kengele ya ng'ombe, halafu sauti kutoka chini.

"Mwangaluka, mayu."

Baba mkwe. Amesimama na fimbo yake, kichwa amekiinua, ananipa salamu ya asubuhi na kuniita mama, kana kwamba amenikuta kisimani.

Tangu niolewe sijawahi kumwitikia nikiwa nimesimama. Magoti yangu hayakungoja ruhusa, yakakunjika. Kamba ikakazika. Kule juu mume wangu, ambaye hakuwa ananiona, akadhani nimeteleza, akavuta kwa nguvu zake zote. Nikanyanyuka hivyo hivyo, nimepiga magoti hewani, kanga inapepea, nazunguka taratibu mbele ya mkwe wangu.

"Mwangaluka, baba," nikasema nilipomwelekea tena.

"Mhola?" Akaniuliza habari.

"Mhola duhu, baba. Nzuri tu." Nikamgeuzia kisogo bila kutaka.

"Umeshika jiwe?" mume wangu akapaza sauti.

"Legeza! Namsalimia baba!"

Akaacha kuvuta. "Baba gani?"

Nikacheka mpaka machozi, na aibu yote ninayo. Aliponishusha kwenye kibaraza nikangoja lile neno. Baba mkwe alijifuta jasho, akaangalia kilele, akaniangalia mimi.

"Huko juu mtaona mbali," akasema. "Mtamba wangu mwekundu hajarudi tangu jana. Ukifika, mayu, niangalizie."

Ukifika! Lile bega la jiwe hata sikumbuki nililipandaje.

Kileleni upepo ulitupokea kwa fujo. Mashamba ya pamba yalienea kila upande, na mume wangu akadai vile vinavyong'aa mbali ni mabati ya Lagangabilili. Sikubisha, ningekubali hata angesema ni Dar. Nilikuwa natafuta rangi nyekundu. Nikamwona mtamba upande wa pili wa mgongo wa mawe, karibu na korongo, anajilia choroko za watu bila wasiwasi.

"Yupo, baba! Upande wa korongo! Kwenye choroko!"

Nilipiga kelele ambazo mkwe hapigi mbele ya baba mkwe, mikono juu, miguu nimeitanua, kanga imeshachukuliwa na upepo.

Chini kabisa fimbo ikainuliwa. "Wabeja, mayu!" akaniitikia, akashukuru tena, kisha akageuka kuelekea nilikomwonyesha.

Tulikuwa tumeshaanza kushuka nilipokumbuka kwamba nilikuwa nimemjibu baba nikiwa nimesimama wima.