Orkesta Ambayo Redio Haikuijua

Breki ya baiskeli ikikwaruza kwenye mteremko, watu wenye akili husogea pembeni wasigongwe. Mimi husimama katikati ya njia kama mbuzi, nikisikiliza. Majuzi hapa Bujumbura mbeba ndizi mmoja alinikosakosa, akaniuliza kama nimechoka kuishi. Ningemwelezaje kwamba baiskeli yake ilikuwa imetoa sauti ya kwanza ya wimbo wa Karabai Jazz?

Nawaambia ninyi kwa kuwa hamtanicheka sana. Karabai Jazz ilikuwa orkesta ya magitaa matatu pale Rumonge, miaka ile ya baada ya uhuru nilipokuwa mtoto. Nyuzi za dukani zilikuwa za shida, kwa hiyo walifumua waya wa breki za baiskeli, wakaupaka mawese usishike kutu, wakaufunga kwenye gitaa. Sauti ilitoka na mkwaruzo mwishoni, kama mtu anayesafisha koo kabla ya kusema uongo. Jina walilitoa kwenye karabai, zile taa ambazo wavuvi wetu huziwasha ziwani kuwaita ndagala, wale dagaa wetu. Walisema na wao wangewavuta watu hivyo hivyo. Ndagala waliitika zaidi.

Gitaa la tatu, lile la kusindikiza, lilikuwa la Baba Mdogo Saidi, mdogo wake baba. Alilala kwetu, alikula kwetu na, kwa bahati mbaya ya mama yangu, alifanyia mazoezi kwetu, nyuma ya jiko.

“Shemeji,” mama alimwita huku akikoroga uji, “hiyo sufuria utaikuna mpaka lini?”

“Siku redio ya Bujumbura ikituita, shemeji, utajifunga kitenge kipya uje kunipigia vigelegele.”

“Basi kitenge changu kitaliwa na mende.”

Redio haikuita. Mashabiki hata hivyo walikuwapo, wachache lakini wakali, na walikuwa na sare: kitenge cha buluu chenye samaki wa njano. Mwenyekiti wao alikuwa jirani yetu Mama Hawa, muuza chumvi na sabuni, ambaye kwenye harusi alicheza mstari wa mbele mpaka kilemba kikamwanguka. Mama yangu hakununua sare. Alisema hana pesa ya kuvalia kelele. Mimi nilimwona mama kama mtu asiye na masikio, na nilimhurumia Baba Mdogo kwa kuishi na adui.

Kisha ukaja mwaka 1972. Nilisomea historia chuo kikuu, na bado sijui kuzisimulia wiki zile. Nitawapa nilichokiona kwa urefu wangu wa wakati huo. Walikuja watu wenye mapanga. Baada yao wakaja askari na malori. Kila waliposhika njia, asubuhi yake kulikuwa na nyumba ambayo jiko lake halikutoa moshi. Watu wazima walianza kuogopa chochote kilichofanana na kikundi. Mama Hawa alizikusanya sare zote za buluu akazifukia kwenye shamba la michikichi, na tangu siku hiyo hakuna aliyetamka neno Karabai, hata kuitaja taa yenyewe.

Baba alikuwa Uvira, ng’ambo ya ziwa, kununua nyavu. Mama akaamua twende Bujumbura kwa nyanya yangu, Saidi atusindikize. Gitaa, ambalo Saidi alikuwa amelitia kwenye gunia, mama alilikataa.

“Gunia refu hivyo, mutu akiliona kwa mbali atasema ni bunduki. Liache.”

Saidi alilipandisha darini, akalifunika kwa mkeka, akapanda kamyo kama mtu anayetoka makaburini.

Kamyo ilibeba mapipa ya mawese, na sisi abiria tulikaa juu ya magunia katikati yake. Wengi walikuwa wa mtaa wetu. Mama Hawa alikuwapo, na mtoto mchanga mgongoni. Ziwa lilikuwa kushoto kwetu, la buluu, limetulia, kama vile halikuwa limeona chochote. Mawese yalikuwa yakivuja kidogo kidogo, na harufu yake ya joto mpaka leo hunirudia nikikaangiwa maharage.

Tulipofika Magara tulikuta gogo la mkaratusi limelazwa barabarani. Pembeni, mwanamume mmoja aliyeshushwa kwenye gari la mbele yetu alikuwa ameketi chini bila viatu, akiangalia vidole vya miguu yake. Askari kijana alipanda, akatutazama mmoja mmoja, akamnyooshea kidole Baba Mdogo.

“Wewe. Shuka. Kazi yako iko nini?”

“Amahoro, shefu. Mimi ni muvuvi.”

Alidhani uvuvi ni jibu salama. Nusu ya ufuo ule ni wavuvi. Wakashuka wote wawili, askari akamwambia alete mikono. Akaigeuza. Viganja vilikuwa laini kama vya karani, bila alama moja ya kamba. Lakini ncha za vidole vya kushoto zilikuwa ngumu, zimeota sugu, kama kokwa za mchikichi.

“Muvuvi gani huyu? Hivi vidole vinashika nini?”

“Gitari, shefu.” Sauti ya Saidi ilikuwa imepungua. “Kweli, mimi ni mupiga gitari.”

“Saa hii ni muvuvi, saa hii ni gitari. Gitari iko wapi?”

“Imebaki Rumonge.”

“Orkesta gani?”

“Karabai Jazz.”

“Siijui. Inapigwa kwa radio?”

Nadhani katika maisha yake yote Baba Mdogo hakuwahi kuulizwa swali baya kuliko hilo.

“Bado,” akasema.

Askari aliinua uso kututazama sisi tuliokuwa juu. “Nani hapa anaijua hiyo Karabai?”

Nilimtazama Mama Hawa. Alikuwa ameangalia unyayo wa mtoto wake uliochomoza kwenye mbeleko, anaufuta vumbi, anaufuta tena. Wengine waliangalia ziwa. Nilifungua kinywa, na papo hapo kiganja cha mama kikanifunika, kikanilaza uso mapajani pake. Nilisikia yule mtu asiye na viatu akikohoa. Nilisikia Saidi akisukumwa hatua moja kuelekea kwake.

“Orkesta?” Ilikuwa sauti ya mama, ile ile ya jikoni. “Shefu, hiyo nayo muiite orkesta? Mimi ndiye nakaa na huyu mutu! Kutoka asubuhi anakuna waya wa breki nyuma ya jiko langu! Ule wimbo wao wa harusi, muimbaji hajamaliza kumusifu bibi harusi, huyu ameshaingia! Kila siku anaingia mbele! Na katikati ya wimbo, kidole chake cha mwisho hakifiki, anaruka pale, anafikiri hatusikii! Muvuvi? Huyu akipanda mutumbwi anatapika!”

Halafu askari mwingine, aliyekuwa ameketi kwenye gogo, akacheka kwa pua.

Yule kijana alimgeukia Saidi. “Iko kweli? Unaingia mbele?”

Nilichungulia kati ya vidole vya mama. Baba Mdogo alikuwa akitoka jasho, na nawaapia, hata pale, alisitasita.

“Mara moja moja, shefu.”

“Kila siku!” mama akapiga kelele.

“Panda,” askari akasema. “Ukifika Bujumbura, tafuta kazi.”

Gogo likaondolewa. Yule mwanamume asiye na viatu alituangalia tukipita, na hakuna kati yetu aliyemjua wala kumtetea. Magoti ya mama yalitetemeka chini ya shavu langu mpaka tulipoingia mjini. Nilijua ni hasira. Nilimkasirikia na mimi, kwa kumwaibisha Baba Mdogo mbele za watu. Saidi mwenyewe alinuna kwa muda mrefu. Uhai wake aliupokea, ila ile habari ya kuruka kidole hakuisamehe. Baadaye alihamia Kigoma, akauza vitenge mpaka alipofariki. Gitaa hatukulipata tena.

Siku hizi Karabai Jazz ina mashabiki wengi kuliko wakati wowote ilipokuwa hai. Hukutana mtaa wa Buyenzi, hapa Bujumbura, nyumbani kwa Mama Hawa, kwa chai na maandazi, na yupo bwana anayeapa kwamba alicheza mstari wa mbele ingawa kwa hesabu yangu alikuwa hajazaliwa. Mama Hawa sijamuuliza kuhusu Magara. Mtoto yule wa mgongoni ndiye hutumiminia chai.

Jumapili moja nilimleta mama. Alikaa mlangoni, mkongojo mapajani, akilalamika kwamba sukari haitoshi. Wazee wakaanza wimbo wa harusi: mmoja aliimba, wengine walipiga magitaa kwa midomo, wote wakimsubiri kwa adabu amalize kumsifu bibi harusi.

Mama hakusubiri. Aliingia mbele, kwa sauti ndogo iliyokwaruza mwishoni, vidole vikigonga kikombe. Alipofika pale pa kidole cha mwisho cha Saidi, akairuka sauti ile.

Ilinichukua umri huu wote na shahada mbili kutambua kwamba kasoro za namna ile hazijulikani na mtu aliyeziba masikio.

“Mama Zuhura,” Mama Hawa akamwambia taratibu, “umeingia mbele.”

“Ndivyo alivyopiga,” mama akajibu, akaendelea.