Fundi Aliyepangusa Kabla ya Kutazama

Tuliingia mji ule tukisukumwa. Gari la kukodi lilikuwa limezimika kwenye mteremko wa mwisho, mvuke ukifuka chini ya boneti, na wapakia mchanga wawili wakatusukuma mpaka mbele ya geti la mabati lililoandikwa kwa rangi nyeupe: GARI CHAFU HALIGUSWI. Dereva wangu alisoma maandishi yale, akatazama vumbi la siku tatu lililoganda kwenye gari letu, akasema, "Hapa tumekwisha."

Fundi alitoka, mtu mwembamba wa miaka hamsini hivi, ovaroli imepigwa pasi. Akasimama hatua nne mbali na gari na kutuonyesha kwa kidevu ng'ambo ya barabara, kwenye mashine ya kuoshea magari. Tukalisukuma tena. Liliporudi likichuruzika maji, ndipo alipofungua boneti, akachungulia dakika moja na kutamka kwamba pampu ya maji imekufa. Akamtuma dereva wangu akatafute nyingine madukani, na kwa jinsi alivyozitaja njia za kufika huko, nilijua siku yangu imeliwa. Nikapewa kiti.

Nimekaa kwenye gereji za nchi ambazo hata salamu zake nimeshazisahau, ingawa matusi ya mafundi wake bado ninayo. Harufu yao ni moja. Hapa zilikuwa mbili. Chini ya paa sakafu ilikuwa imepigwa deki mpaka saruji ikawa nyeupe, na spana zimelazwa juu ya kitambaa, ndogo hadi kubwa, kama vyombo vya daktari wa meno. Lakini nyuma ya kiti changu ulipita mfereji, na humo fundi alikuwa akitupa kila kilichomchefua: maji ya radieta yenye kutu, oili iliyooza, povu la sabuni. Yote yalikuwa yamesimama, yamefanya ngozi ya kijani, na panya aliyevimba alielea juu yake, tumbo likitazama angani. Chai ililetwa kutoka kibanda cha jirani. Niliona mafuta yakizunguka juu ya kikombe, nikakiweka chini taratibu, na nzi wakakichukua.

Mtaani walimwita Tambara, naye aliitika bila kinyongo. Mkandani mwake yalining'inia matambara kumi na zaidi, yaliyokatwa kutoka mashuka mabovu, na kila kitu alichokigusa alikipangusa kwanza. Mkono wenye glavu ulitangulia na tambara, uso umegeukia pembeni, midomo imebanwa, akipapasa kama mtu anayemchambisha mtoto wa jirani. Akimaliza, tambara lilitupwa kwenye pipa bila kuangaliwa. Baada ya hapo ndipo alipotazama. Nimeona mafundi walevi, wezi, wacha Mungu na mmoja kipofu. Mwenye kinyaa sikuwa nimepata kumwona.

Mwenyewe hakuficha. Alinisimulia akiwa anafanya kazi kwenye gari jeupe la zamani lililokuwa mbele yangu. Baba yake alikuwa fundi wa gereji hiyohiyo, mtu mnene aliyekula kwa mikono iliyotoka moja kwa moja kwenye giaboksi. Alinyonya petroli kwa mpira, akatema, kisha akawabusu wanawe. Nyumbani kila shuka lilikuwa na alama za vidole vyeusi, hata chumvi ilinuka dizeli, na shuleni hakuna aliyekubali kukaa naye dawati moja. Tambara aliapa atarithi ufundi na kuuacha uchafu. Sasa mkewe alikuwa akimtania kwamba hulala mikono ikiwa nje ya shuka, isije ikamgusa mwenyewe.

"Mzee alikufa hajui sabuni ni nini," alisema. "Mimi akaniachia gereji, dada yangu akamwachia hii gari."

Gari jeupe ndilo lililokuwa la dada yake, na lilikuwa likimtesa mwezi wa saba sasa. Injini ilikuwa inamisi. Ukiiwasha inatetemeka, eksozi inapiga pu, pu, inaruka, pu, kama mzee anayetafuta pumzi ngazini. Alikuwa amebadilisha plagi mara nne, waya za plagi mara mbili, koili mara moja, na kabureta ameifungua mpaka alikuwa anaiota. Kila mara gari liliondoka likiimba. Kila mara lilirudi baada ya wiki mbili likikohoa.

Dada huyo ni mkunga. Wiki moja kabla, alikuwa akienda kwa mama aliyeshikwa na uchungu, gari likakohoa na kumfia kwenye njia panda. Alipofika kwa miguu, mtoto alikuwa tayari amezaliwa sakafuni, yuko mikononi mwa bibi asiyeona vizuri. Walipona wote wawili. Lakini mkunga alirudi nyumbani na kumpigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi alikuwa aje gereji saa nane mchana wa siku ile niliyofika. Tambara alikuwa ameomba asubuhi moja tu, ya mwisho. Nilitazama saa yangu. Ilikuwa saa tano.

Lazima niseme alikuwa fundi kweli. Aliwasha injini, akachomoa waya moja moja upande wa distributa, akisikiliza. Waya ya kwanza ilipotoka injini ilizama. Ya pili, ikazama. Ya tatu ilipotoka, hakuna kilichobadilika. Ya nne, ikazama tena. Kwa hiyo silinda ya tatu ilikuwa imelala, zile tatu zinambeba mwenzao. Hilo alilijua tangu mwezi wa kwanza. Pumzi ya silinda hiyo alikuwa ameipima, nzuri. Petroli ilifika. Plagi yake ilirusha cheche kila alipoijaribu nje. Kila kitu kilikuwa kizima na silinda ilikuwa mfu, na alinieleza hayo kwa chuki, kama mtu anayemsema shemeji yake.

Dada mtu aliingia kabla ya saa sita, mwanamke mfupi mwenye mkoba mweusi na viatu vya mpira. Alinisalimia, akanihurumia kwa habari ya pampu, akasogeza ndoo na kuikalia. Nilidhani angegomba. Hakugomba. Alikaa tu akimtazama mdogo wake akichomoa tambara jipya mkandani, akigeuza uso, akitaka kuingiza mkono kwenye shimo la plagi ya tatu.

"Weka hilo tambara chini," alisema.

"Dada, niache nifanye kazi."

"Umefanya miezi saba, mdogo wangu. Unalifutia nini shimo kabla hujaliona?"

"Uchafu. Utaona nini kwenye uchafu?"

Mkunga alicheka kidogo, bila furaha. "Mimi nikimpangusa mzazi kabla ya kumtazama, nitajuaje kama anatoka damu?"

Tambara alibaki ameinama. Nilimwona akihesabu kitu kichwani, kisha akijaribu kukiacha. Alisema gari huwa linaoshwa kabla halijafika kwake, kwa hiyo injini ni safi, hakuna cha kuona. Dada yake akamwambia ndiyo, na yeye ndiye anayelazimisha lioshwe. Linakuja limeoshwa nje, naye anapangusa ndani. Kuna siku hata moja amewahi kuliona lilivyo?

Fundi aliweka tambara juu ya kitambaa cha spana, akavua glavu, akafunga macho, akafumbua. Akashika kofia ya mpira ya waya wa plagi iliyoshuka ndani ya shimo lile na kuivuta.

Ilitoka kwa sauti ya mguu unaotoka topeni. Ilikuwa imevimba, imelainika, na kutoka ncha yake ulining'inia uzi mweusi, mzito kama makamasi, ukarefuka, ukakatika na kumwangukia kwenye kifundo cha mkono. Harufu ilinifikia kitini: oili iliyokaangwa na kukaangwa tena, na ndani yake kitu kama nywele zinazoungua. Tambara aliitazama mpaka mwisho, nampa haki yake. Kisha akaiweka juu ya fenda, akanipita mbio hadi kwenye mfereji, na kutapika juu ya panya.

Dada yake hakumfuata. Aliwasha tochi ya simu na kumulika shimoni. "Limejaa," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayemwambia muuguzi aandike. Nilisogea nikaona. Plagi ilikuwa imezama kwenye dimbwi jeusi linalong'aa, na cheche iliyokuwa ikienda kwake ilikuwa ikipotelea njiani. Nje, kwenye hewa kavu, plagi ile ilikuwa nzima. Ndani ilikuwa ikizamishwa. Kila mara Tambara alipobadilisha kitu, tambara lilikuwa limeshanyonya dimbwi lote, na injini ikafanya kazi mpaka oili ilipojaa tena, tone kwa tone.

Aliporudi alikuwa anajifuta mdomo kwa kiganja. Alichungulia mara moja tu. Kisha akaenda kwenye pipa lake la matambara, akalimwaga lote sakafuni, juu ya saruji yake nyeupe, na kuanza kuyageuza kwa mguu. Mengi yalikuwa na vumbi na grisi. Lakini alipata moja, akapata lingine, na la tatu: mashuka yaliyolowa weusi uleule wa kunata, yamekauka yakawa magumu kama ngozi.

"Nilikuwa nayo hapa," alisema. "Nilikuwa nayo hapa muda wote, nikiyatupa."

Alinuka matapishi na oili, na alijitazama mikono kwa chukizo ambalo awali alikuwa ameyawekea magari ya watu.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo hata ikatia hasira. Alifungua kifuniko cha juu cha injini. Ringi ya mpira inayozuia oili isiteremke kwenye shimo la tatu ilikuwa imekuwa ngumu kama ukucha, ikavunjika alipoigusa. Alikuwa na nyingine droo ya pili, kwenye mfuko uliojaa vumbi. Alinyonya dimbwi kwa bomba la sindano alilopewa na dada yake kutoka mkobani, akafunga ringi, plagi na kofia mpya. Alipowasha, injini haikutetemeka. Nilitua chupa yangu ya maji juu ya fenda, na maji yakatulia.

Mkunga alisikiliza kwa muda mrefu kuliko ndugu yeyote angevumilia. Kisha akampigia mnunuzi, akamwambia asije, gari haliuzwi. Nilisubiri Tambara atabasamu. Alikuwa amekaa kwenye ndoo, anatazama geti.

"Kuna mwalimu," alisema mwishowe. "Yule wa mguu mbovu. Gari yake ilikuwa inakohoa hivihivi mwaka jana. Nilimwambia injini imekufa, auze chuma."

"Akauza?"

"Akauza. Kwa huyohuyo uliyempigia."

Dada yake alifunga mkoba. Alimwuliza mwalimu anafikaje shuleni siku hizi, naye akasema kwa miguu, anaondoka nyumbani kabla watoto hawajaamka, maana mguu haumruhusu kuharakisha. Tambara alikuwa amempita njiani mara mbili wiki iliyopita na wakasalimiana vizuri. Mwalimu alimwambia ahsante, alimwokoa asipoteze zaidi.

"Utamwambia?" aliuliza dada.

"Nimwambie nini? Kwamba niliona kinyaa?"

"Hivyohivyo."

Alitaka kwanza kunawa. Alinawa kwa sabuni ya unga, akanawa tena, akaikwangua ngozi ya kifundo mpaka ikawa nyekundu, na bado alikuwa akiinusa. Dada yake akapiga honi. Nikamwuliza Tambara, kwa aibu, habari ya pampu yangu. Akasema ikifika niiweke mezani, atarudi kabla ya jioni, labda. Kisha akaingia kwenye gari jeupe upande wa abiria, mikono ameishika hewani mbali na kiti, na kumwambia dada yake wapite kwanza kwa mnunuzi wa chuma, kuona kama injini ya mwalimu bado haijakatwakatwa.

Walitoka getini, na sauti ya gari ikaenda sawasawa mpaka kwenye kona, ikapotea. Nikayaruka matambara yaliyomwagika, nikahamisha kiti mbali na mfereji, nikakaa kumngoja dereva.