Dirisha la Seremala

Seremala jirani yake Falonne huishi na misumari mdomoni, hata salamu huitikia kwa kuguna. Kifua kikuu kilipomshika hakuwa na shaka: ni baridi ya milima ya Butembo. Akapigilia mbao kwenye dirisha la chumba anamolala na watoto wake, akajitengea kikombe ili asiwaambukize watoto. Dawa alimeza. Lakini muuguzi alimweleza mpaka akachoka kwamba ugonjwa huo hupita hewani na chumba kinahitaji upepo, na dirisha likabaki vilevile.

Siku moja Falonne alimletea chai, akamkuta anafanya kazi uani kwenye manyunyu, anapiga randa kama kawaida yake. Akamuuliza:

“Papa, juu ya nini unatumikaka inje tu?”

“Mu nyumba hapana. Vumbi itajaa, batoto batavuta yote.”

Mikono ikasimama juu ya randa, macho yakaenda kwenye dirisha lililopigiliwa. Akatema misumari kiganjani, akachukua nyundo, akang'oa mbao zote kabla chai haijapoa.

Leo amepona, watoto wamepimwa na wote ni wazima, na mbao zile ni benchi mlangoni. Hakai sana hapo. Akisikia kikohozi nyuma ya dirisha lililofungwa, haulizi ni kwa nani. Anabisha hodi, nyundo mkononi.